Kigonge Kwanza: Namna ya Kuchagua Chungu Sokoni

Mkazi wa Matisi, viungani mwa mji wa Kitale, ana masoko ya kuzungukia: Kitale kwenyewe, Kiminini, au kuvuka hadi Bungoma, kule Kimilili na Chwele. Siku ya soko, baada ya mitumba na mafungu ya viazi, macho huangukia vyungu vilivyopangwa chini, vikubwa nyuma, vidogo mbele. Mgeni huinama akachukua kinachong'aa. Mzoefu huuliza kwanza: "Mama, hiki ni cha maji au cha mboga?"

Jibu ndilo linaloamua kila kitu. Chungu cha mboga huwa na mdomo mpana na kitako cha mviringo, kwa sababu penye pembe ndipo moto hupasua kwanza. Humo ndimo saga na kunde huchemshwa kwa munyu, zikatiwa maziwa, zikapashwa tena kesho yake hadi uchungu uishe. Mtungi wa maji huwa na shingo nyembamba na tumbo kubwa. Chungu cha busaa, ambacho wazee wa Kibukusu hukizunguka na mirija yao mirefu, hutaka mdomo unaotosha mirija yote.

Hatua ya pili ni sikio. Chungu huinuliwa juu ya kiganja, kikagongwa kwa kifundo cha kidole tumboni, shingoni na karibu na kitako. Kizima hulia kama kengele ndogo. Chenye ufa hutoa sauti butu, hata ufa uwe mwembamba kama unywele. Kigongwe kikiwa kimeinuliwa, maana kikiwa chini ardhi humeza sauti.

Kisha macho na vidole. Kitako kielekezwe juani, mnunuzi achungulie kwa mdomoni: nukta ya mwanga ni tundu. Vyungu hivi hufinyangwa kwa mkono, pindi ya udongo juu ya pindi, kwa hiyo ndani kusiwe na mstari unaoonyesha pindi mbili zilizokataa kushikana. Ukuta uwe na unene mmoja pande zote. Penye wembamba hupata moto upesi kuliko penye unene, na mvutano huo ndio huvunja chungu jikoni. Chembechembe za mchanga au vigae vilivyosagwa zisimtie mtu wasiwasi. Mfinyanzi huzichanganya makusudi ili udongo usipasuke ukikauka wala ukichomwa.

Wengi hukosea kwenye baka jeusi. Vyungu vya kijijini huchomwa mahali pa wazi, kwa kuni na nyasi, na baka hilo hubaki pale kuni zilipogusa ukuta. Si kasoro.

Kasoro ni kuchomwa nusu. Udongo unahitaji joto la takriban nyuzi 600 za Selsiasi ili usiweze tena kurudi kuwa tope. Jaribio lake halina gharama: kidole kiloweshwe, kisuguliwe ndani ya chungu. Kikitoka na tope, chungu kirudishwe kwa mwenyewe kwa upole.

Rangi ya mafuta nayo ina hila yake. Mtungi hupoza maji kwa kuyaacha yapenye polepole ukutani na kukauka nje, yakiondoka na joto. Uhispania, kibuyu cha udongo kiitwacho botijo hufanya kazi hiyohiyo wakati wa jua kali. Rangi huziba vinyweleo vya ukuta, na maji hubaki vuguvugu. Pambo la kuaminika ni lile lililochapwa udongo ukiwa mbichi, kwa mfano alama za kamba iliyosokotwa na kubiringishwa shingoni. Tone la maji humaliza ubishi: likinyweka ukutani, mtungi unapumua.

Chungu cha mboga kikifika nyumbani, kichemshiwe kwanza uji mwepesi ili wanga uzibe vinyweleo, na moto uongezwe kidogokidogo. Mtungi wa maji usipakwe kitu. Uwekwe juu ya ingata, kivulini, penye upepo.

Kukiwa na vyungu viwili mbele ya mnunuzi, kimoja chekundu kinachong'aa kwa rangi na kingine chenye baka jeusi kinacholia vizuri, cha kwanza kinafaa maua. Cha pili ndicho cha kubebwa hadi Matisi, kikiwa kimepakatwa kwenye boda boda.