Sifa za Ukingo

Wanaosifu kiakisi cha chumba cha kupimia antena husifu uso wake, na haki yake. Kwa gigahazi 30, ambapo wimbi lina urefu wa sentimita 1, uso huo hautakiwi kupotoka zaidi ya sehemu ya kumi ya milimita hivi. Mimi nausifu ukingo.

Antena yenye upana wa mita 1.2, ikipimwa kwa masafa hayo, ingehitaji uwanja wa karibu mita 290 ili wimbi liifikie likiwa limenyooka. Katika miaka ya 1960, Richard C. Johnson wa Georgia Tech, Marekani, alionyesha kwamba kiakisi cha parabola kinaweza kulinyoosha wimbi ndani ya chumba. Ila kiakisi lazima kiishie mahali, na hapo ndipo penye kazi.

Wimbi likifika ukingoni hupinda na kutawanyika. Ukingo mzima hugeuka chanzo cha mawimbi mapya. Hayo huingia katika eneo tulivu, inaposimama antena inayopimwa, yakaongeza nguvu hapa na kuipunguza pale, ilhali mpimaji hataki iyumbe zaidi ya nusu desibeli hivi. Duara, umbo linalopendwa na jicho, ndilo baya kuliko yote: kila sehemu ya ukingo wake iko umbali ule ule kutoka mstari wa katikati, basi mawimbi yake yote hukutana pale kwa mpigo mmoja. Mwanga nao hufanya vivyo hivyo. Mwanafizikia Fresnel alipowasilisha nadharia yake ya mwanga kama wimbi mwaka 1818, mwanahisabati Poisson alikokotoa kwamba, kama ni ya kweli, katikati ya kivuli cha kisahani cha mviringo pangekuwa na nukta ya mwanga. Aliona huo ni upuuzi. Mwanafizikia Arago akajaribu, na nukta ikaonekana.

Wapo wanaoukata ukingo kuwa meno ya pembetatu, marefu kuliko wimbi mara kadhaa. Ubavu wa jino umelala mshazari, kwa hiyo mtawanyiko wake huelekea kando, kwenye kuta zilizojaa piramidi za sponji lenye kaboni. Ni kazi safi, nami naiheshimu.

Moyo wangu, hata hivyo, uko kwa W. D. Burnside na wenzake wa Ohio State, ambao katika miaka ya 1980 waliukunja ukingo kuelekea nyuma. Ufuo wa mchanga unaoteremka polepole haulirudishi wimbi kama ukuta wa gati. Lakini kuunganisha parabola ya uso na elipsi ya ukingo uliokunjwa ili miteremko ilingane hakukutosha: pale mpindo unapobadilika ghafla, hata kidole kisipohisi kitu, wimbi linahisi. Basi wakayachanganya maumbo hayo, parabola ikififia kidogo kidogo huku elipsi ikishika nafasi yake.

Masafa ya juu kabisa huamua ulaini wa uso. Ya chini kabisa huamua ukubwa wa ukingo. Ukishusha kikomo hicho cha chini kwa nusu, ukingo hudai urefu maradufu, na chumba nacho hakina budi kukua.