Mlio wa Vyuma Vikuukuu

Tumeisikiliza tena santuri ya kundi la Konono N°1 la Kinshasa, iitwayo Congotronics, iliyotoka mwaka 2004. Mzee Mawangu Mingiedi, aliyefariki mwaka 2015, alitaka likembe zake zisikike kupita kelele za mji. Alitwaa sumaku za magari mabovu, akaunda mikrofoni kwa mikono yake. Sauti ikatoka kubwa, lakini yenye mkwaruzo.

Wako wasemao mkwaruzo huo ni kasoro. Sisi twakataa. Mafundi wa likembe tangu kale huvizungushia vyuma vyake vipete vya waya, vivume kama nyuki; umeme umeukuza tu mvumo huo. Na huko Ulaya watu hujiundia visanduku vya kukanyaga kwa mguu, vya kuikwaruza sauti ya gitaa makusudi, tena huvipamba kwa rangi! Lawama yetu ni nyingine: nyimbo ni ndefu mno, na maneno yamezama.

Basi hapa Mubi, kijana aliyeunda gitaa la ubao na kopo, nyuzi zake waya wa breki, tusimfukuze mlangoni pa kanisa kwa ajili ya mkwaruzo. Apige kwanza. Nyuzi zisipolingana na sauti za kwaya, hilo ndilo la kumrekebisha.