Uvundo Wenye Kazi

Kiwanda cha karatasi cha Webuye kiliitwa Pan African Paper Mills, jina refu ambalo hakuna aliyejisumbua kulitamka. Panpaper ilianza kazi miaka ya 1970, ikafunga milango mwaka 2009, na kwa muda wote huo iliwapa watu mishahara pamoja na harufu ya salfa, ile ya mayai viza. Upepo ukigeuka, Bokoli, jirani yake Webuye, nayo ilipata mgao wake. Mtoto aliyejamba darasani hakukosa kisingizio: "Ni Panpaper." Na darasa lilicheka, kwa kuwa kila mmoja alijua upepo haukutoka Webuye.

Ukiupima utani huo utakuta una viungo vyote vya hadithi: kosa, mshukiwa asiye na hatia, ushahidi hewani, na uongo ambao wote wanaujua na hakuna anayetaka kuukanusha. Uchafu wenyewe haujatajwa. Watu wazima wanaodharau hadithi za watoto zenye ushuzi na vinyesi hudhani kuzitunga ni kazi rahisi, eti taja choo tu, watoto watacheka. Watacheka, ndiyo, mara moja. Ufundi ni kuwachekesha usiku wa tano kwa hadithi ileile. Mimi hutumia kipimo kimoja kuutambua: ondoa uchafu, kisha tazama kama hadithi bado imesimama. Ikisimama, uchafu ulikuwa pambo. Ikibomoka, umekutana na fundi.

Kazi ya kwanza ya fundi huyo ni kuchagua. Asiyekulia shambani anaweza kudhani kinyesi ni kinyesi. Bokoli hakuna anayedhani hivyo. Mavi ya ng'ombe hayamchekeshi mtu. Ndiyo yanayochanganywa na udongo kusiriba sakafu, ndiyo mbolea ya mahindi na migomba, na msichana anayeyakanda kwa mikono hana habari ya kinyaa. Ya mbuzi ni punje kavu, hufagiliwa huku mtu akizungumza mambo mengine. Ya kuku yana uchokozi kidogo, hasa yakikutwa juu ya kiti alichowekewa mgeni. Ya fisi huwa meupe kwa sababu ya mifupa anayoitafuna, na weupe huo peke yake ni kisa: mlafi hawezi kuficha alichokula. Msimuliaji anayeijua kazi yake hambebeshi ng'ombe aibu ambayo ng'ombe hana.

Kazi ya pili ni kujua nani aseme. Chingano, hadithi za jioni za Wabukusu, zilikuwa za kando ya moto, na mara nyingi msimuliaji alikuwa kukhu, bibi wa watoto. Mama ana wajibu wa kumfundisha mtoto kunawa na kutoropoka ovyo. Bibi na mjukuu wana utani wao, na ndani ya utani huo hupita maneno ambayo mama angeyakemea. Kwa hiyo kukhu anaanza kazi akiwa na kibali ambacho mwandishi wa vitabu hana.

Chukua kisa cha kisima, kinachojulikana kote Afrika Mashariki. Ukame umekuja, wanyama wanachimba kisima, sungura anakataa kushika jembe, kisha usiku anakuja kunywa. Katika masimulizi mengi anaoga humohumo na kuyavuruga maji. Bibi mwenye wajukuu waliochangamka haishii kwenye tope. Atasema sungura alikunywa, akaoga, akatazama huku, akatazama kule, akachuchumaa... kisha atanyamaza. Atasukuma kuni. Neno lenyewe halitoki kinywani mwake. Huwaachia watoto walipigie ukelele wao wenyewe, na kwa kuwa ndio waliolitamka, aibu ni yao na kicheko ni chao.

Sasa kiondoe kitendo hicho. Sungura anabaki mwizi wa maji tu, na mwizi wa maji wakati wa ukame mtu anaweza kumhurumia. Kwa kuchuchumaa amemtukana tembo na nyati waliotoka jasho wakichimba. Hasira yao inapata sababu, ulinzi unawekwa, na kobe anayekubali kujificha ndani ya maji hayohayo ili amnase anakuwa shujaa kuliko angekuwa kwenye maji safi. Hadithi nzima inaning'inia hapo.

Hadithi ikiingia kitabuni, kibali cha bibi kinapotea. Kenya, kitabu kinachotaka kutumika darasani lazima kipitie KICD, taasisi ya mitaala, na mwandishi anajua kuwa mwalimu na mzazi watakisoma kabla ya mtoto. Ndiyo maana namstahi sana Winny Asara kwa *Kuku na Jongoo*, kimojawapo cha vitabu vya African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini unaotoa hadithi bure kwa Kiswahili na lugha nyingi za bara hili. Kuku na Jongoo ni marafiki wanaopenda kushindana. Wanacheza mpira, wanapigiana penalti. Kuku anafunga bao moja, Jongoo matano. Kuku, asiyejua kushindwa, anammeza rafiki yake. Njiani anakutana na mama yake Jongoo akimtafuta mwanawe, naye hasemi kitu. Ndipo sauti ndogo inasikika kutoka tumboni, na mama anampigia mwanawe kelele atumie uwezo wake wa pekee.

Uwezo huo ni kunuka. Kuku anacheua, anameza, anatema, anapiga chafya, anakohoa, na kukohoa, hadi Jongoo anatoka. Tazama mpangilio huo ulivyopangwa kwa ajili ya msomaji wa sauti: kila kitendo ni kelele moja, na kila kelele inazidi iliyotangulia, hivyo mwalimu wa darasa la pili anaigiza bila kufundishwa. Mwandishi angeweza kumtoa Jongoo kwa mlango wa nyuma, watoto wangegaagaa sakafuni, lakini mwalimu angekifunga kitabu. Amemtoa kwa mdomo na bado hakupoteza kicheko. Tena hajabuni silaha hiyo: jongoo wa kweli hutoa majimaji makali yenye harufu, na mtoto wa Bokoli aliyewahi kumshika akanusa vidole vyake ni shahidi. Ondoa uvundo, na Jongoo anabaki chakula cha kuku.

Pwani na visiwani wana mjanja wao, Abunuwasi. Kisa chake kimoja husimuliwa hadi Indonesia, anakoitwa Abu Nawas. Mfalme amechoka na ujanja wake, anatuma watu wakanye ndani ya nyumba yake. Abunuwasi anawapokea kwa heshima zote, rungu mkononi. Karibuni, anawaambia, amri ni kunya, basi kunyeni; ila atakayedondosha hata tone la mkojo atakiona, kwa maana hilo mfalme hakuliamuru. Wajumbe wanatazamana, kisha wanaondoka. Hakuna tusi, hakuna uvundo, sakafu imebaki safi. Kilichopo ni sheria iliyosomwa neno kwa neno mbele ya mwili usiojua kusoma, na ukweli wa hoja hiyo mtoto wa miaka saba anaweza kuuhakikisha mwenyewe kesho asubuhi chooni.

Mafundi wa mbali nao hupita kipimo hicho. Katika *The BFG* ya Roald Dahl, ya mwaka 1982, jitu jema hunywa kinywaji ambacho mapovu yake hushuka badala ya kupanda. Kanuni hiyo ikishawekwa, msomaji anaanza kungoja, na anachongojea kinafanyika mbele ya Malkia wa Uingereza. Mwaka 1989 Wajerumani Werner Holzwarth na Wolf Erlbruch walimtoa fuko ambaye, akichungulia kutoka shimoni, anadondokewa na kinyesi kichwani, kisha anakwenda kumtafuta mkosaji. Kila mnyama anajitetea kwa kuonyesha chake kilivyo. Ni hadithi ya upelelezi iliyokamilika, na msomaji wa Bokoli angeifumbua mapema kuliko wa Berlin, maana ushahidi huo huukanyaga kila siku.

Wapo wanaosema haya yote yanaharibu maadili. Marekani, vitabu vya *Captain Underpants* vya Dav Pilkey viliongoza orodha ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi katika maktaba mwaka 2012 na 2013. Huku kwetu malalamiko hayo huja kutoka kwa watu ambao wakigombana barazani husema bila haya kwamba kunya anye kuku, akinya bata kaharisha, na anayejitia katika mambo yasiyomhusu humuuliza: mavi usiyoyala, wayawingiani kuku? Wazee waliotuachia methali hizo walijua kazi ya uchafu katika usemi: hufupisha hoja na kuifanya isisahaulike. Kumnyima mtoto chombo hicho kisha kumtaka aimudu methali akiwa mkubwa ni kumwonea.

Hofu ninayoielewa ni nyingine. Katika mitaa mingi ya Kenya na Tanzania, mtoto anayekojoa kitandani amewahi kuzungushwa kwa majirani akiimbiwa na kuzomewa. Huo nao ni utani wa chooni, na wote wanacheka isipokuwa mmoja. Hauna ufundi wowote. Hakuna kanuni iliyowekwa mapema, hakuna ukimya wa kukhu, hakuna aliyejikweza ili aporomoke. Uupime kwa kipimo changu: ondoa mkojo, na kinachobaki ni kundi la watu wanaomwandama mtoto.

Hapo ndipo fundi anapojitenga na mropokaji. Sungura alijiona mjanja kuliko wote, Kuku alimmeza rafiki yake kwa kushindwa mpira, na mfalme alitumia amri yake kuchafua nyumba ya mtu. Hao wana nguvu au kiburi cha kutosha kuubeba uvundo, na hadithi haiwaonei inapowatwika. Mtoto aliyeamka na godoro lililolowa hana hata kimoja.