Sifa za Mtengeneza Njia

Vilele vya milima hupewa majina ya waliovipanda, ya wafalme waliotawala mbali navyo, na ya wakubwa ambao hawakuwahi hata kuvitia machoni. Njia inayomfikisha mtu huko juu kwa kawaida haina jina la aliyeichimba. Naona hapo sifa zimewaendea wachache na kuwapita wengi wenye haki nazo. Katika ufundi wote ambao mimi na mume wangu tumeukuta tangu tuhamie Kanada, ninaouheshimu zaidi ni huu wa kutengeneza njia ya miguu mlimani, na insha hii ni shukrani yangu kwa wanaoufanya.

Tunaishi Calgary, mji wa nyika tambarare. Upande wa magharibi, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari, ndipo ulipo mji wa Banff, katikati ya Milima ya Rocky. Serikali ilianza kuitenga ardhi hiyo mwaka 1885, mwaka ule ule reli ya kuvuka nchi ilipokamilika, kwa sababu ya chemchemi za maji moto zilizokuwapo hapo. Leo Hifadhi ya Taifa ya Banff inapakana na Jasper, Yoho na Kootenay, na mwaka 1984 zote nne ziliingizwa kwa pamoja katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Tuliingia huko kwa ajili ya maziwa, kama waingiavyo wageni wengi. Louise, Moraine na Peyto yana rangi ambayo mtu akiiona kwenye picha hudhani imetiwa chumvi: buluu iliyochanganyika na kijani, nzito, isiyopenyeka. Chanzo chake ni barafu ya milimani, ambayo hujikokota polepole juu ya mwamba na kuusaga. Unga wa mwamba huo, laini kupita kiasi, hubebwa na maji hadi ziwani, hukawia kuzama, na jua likiupiga ndipo rangi ile hutokea. Kiangazi, barafu inapoyeyuka kwa wingi, rangi hukolea zaidi.

Mimi nilikuwa natazama maji. Mume wangu, ambaye baba yake alikuwa fundi mwashi Marangu, alikuwa anatazama chini. "Mama Upendo," aliniita tulipokuwa tunapanda kutoka Ziwa Louise kwenda Ziwa Agnes, "hebu rudi uone. Hapa mtu amefanya kazi." Akainama akanionyesha mawe yaliyozikwa kwa mshazari kuikata njia, mstari wake ukielekea bondeni. Nilikuwa nimeyaruka bila kuyaona. Kuanzia hapo safari zetu zikawa za namna mbili kwa wakati mmoja: za kutazama mandhari, na za kusoma kazi ya mikono iliyotufikisha kwenye mandhari hayo.

Adui mkubwa wa njia ya mlimani ni maji. Miguu ya watu huishindilia njia, lakini maji huibeba. Yakipata pa kushuka moja kwa moja hupata kasi, kasi huchota udongo, na baada ya misimu michache palipokuwa na njia pamegeuka korongo la mizizi na mawe yaliyobaki wazi. Ndiyo maana fundi haielekezi njia juu moja kwa moja, ingawa ndiko karibu. Huikata ubavuni mwa mlima, ikipanda kidogo kidogo. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa mteremko inamopita, na kwa wastani usipande zaidi ya mita kumi kwa kila mita mia moja za mwendo. Ukingo wa nje huachwa chini kidogo kuliko wa ndani, ili maji yanayoingia njiani yavuke upande wa pili na kuendelea na safari yake. Pasipowezekana hivyo ndipo huzikwa mawe ya mshazari kama yale tuliyoyakuta.

Kona nazo zina elimu yake. Njia inapogeuka na kurudi juu ya ilikotoka, mwenye haraka hushawishika kukatisha katikati, na mkato wake huwa mfereji mpya wa maji. Fundi mzuri huweka kona penye mwamba au kichaka, mahali ambapo mtu haoni sehemu inayofuata. Hakuna kibao cha kukataza na hakuna anayegombezwa. Mpita njia hushika adabu bila kujua kwamba kuna mtu aliyemfikiria zamani, akajua atachoka wapi na atashawishika wapi.

Kwangu mimi, mzaliwa wa Kilimanjaro, elimu hii haikuwa ngeni kabisa. Wazee wa Kichagga walichimba mifongo, mifereji inayochepusha maji ya mito na kuyapitisha ubavuni mwa mlima hadi migombani. Mfongo ukiinama mno, maji hubomoa kingo. Usipoinama vya kutosha, maji hulala. Mchimba mfongo huyashika maji yasitoroke, mtengeneza njia huyasindikiza yaondoke upesi, lakini wote wawili wanausoma mteremko kwa jicho moja. Na wote wawili wanajua kwamba kazi yao haina siku ya kukabidhiwa ikaisha. Mfongo una zamu za kuuzibua. Njia ya Banff nayo, theluji ikishayeyuka, huwasubiri watu waje na misumeno kuondoa miti iliyoanguka na sepeto za kuzibua mitaro.

Wengi wa mafundi hawa hawajulikani, lakini mmoja anakumbukwa. Lawrence Grassi alizaliwa mwaka 1890 Falmenta, kijiji cha milimani kaskazini mwa Italia, akahamia Kanada mwaka 1912. Alifanya kazi ya reli, kisha akawa mchimba makaa ya mawe Canmore, jirani na Banff. Mtu anayeshinda gizani chini ya ardhi angekuwa na haki ya kulala siku ya mapumziko. Grassi aliitumia kupanda milima na kutengeneza njia ya kwenda kwenye vijiziwa viwili vilivyo juu ya mji huo, ambavyo leo vinaitwa Grassi Lakes. Baada ya kuacha mgodi alikuwa mlinzi wa hifadhi kwenye Ziwa O'Hara, ndani ya Yoho, na huko ndiko kuna kazi yake ninayoipenda kuliko zote.

O'Hara hapafikiki kwa gari binafsi. Watu hupanda basi kwa nafasi zilizowekwa mapema, au hutembea kilomita 11. Ukishafika ziwani, njia nyingine inapanda hadi Ziwa Oesa, lililozungukwa na kuta za mawe na linaloweza kubaki na barafu mpaka kiangazi. Humo njiani Grassi alijenga ngazi. Mabamba mazito ya mawe yamelazwa bila saruji, na mume wangu alinieleza kwa nini hayachezi: kisigino cha kila bamba kimelaliwa na bamba la juu yake, hivyo uzito wa ngazi ya juu ndio kufuli la ngazi ya chini, na vijiwe vimekaziwa nyuma kwenye kila uwazi. Vyombo vya kazi kama hiyo ni mtaimbo, sururu na nyundo. Mengine ni subira ya kuligeuza jiwe hadi lipate upande linaoukubali. Mume wangu aliweka mguu pembeni mwa bamba moja akaegemea kwa uzito wake wote. Halikutikisika. "Huyu alikuwa fundi," akasema, na kwa mtoto wa mwashi hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

O'Hara ina kisa cha mume na mke pia. George na Adeline Link, wasomi kutoka Chicago, walizoea kuja hapo nyakati za kiangazi. Mapenzi yao kwa maziwa haya hayakuishia kwenye kutazama. George na marafiki zake walijitolea kutengeneza njia za bonde hilo, na mojawapo imepewa jina la Adeline. Ninaposoma habari zao nauona ukamilifu wa utalii: kufika mahali kama mgeni, na kuondoka ukiwa umemrahisishia safari mgeni atakayekuja baada yako. Grassi naye alikuwa mhamiaji kama sisi. Waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, waliwajua watu wa aina yake.

Lakini wenyeji wa kweli wa milima hii walikuwa na njia zao kabla ya sururu ya Grassi. Mwaka 1908 Mary Schäffer, mjane aliyekuwa amezoea kuizuru milima hii na mumewe aliyependa mimea, alilifikia Ziwa Maligne lenye urefu wa kilomita 22 huko Jasper. Aliongozwa na ramani aliyochorewa na Samson Beaver, mtu wa kabila la Stoney Nakoda, ambaye alikuwa amelifikia ziwa hilo na baba yake angali kijana mdogo na akaichora ramani kutoka kichwani. Watu wa kabila lake wakati huo huo walikuwa wakizuiwa kuwinda ndani ya hifadhi ya Banff, katika ardhi ya mababu zao. Kuisifu njia bila kuwataja ni kumshukuru mpishi ukamsahau mwenye shamba. Kumbukumbu ya Beaver ilikuwa ufundi wa njia katika hali yake ya kwanza kabisa, kabla jiwe halijasogezwa, na deni letu kwake halijalipwa.

Kwa hiyo, msomaji, ukipanda Kilimanjaro kupitia Marangu au Machame, au ukijaliwa kufika Banff, uliza njia hiyo inatengenezwa na nani. Ukimkuta kazini na sururu yake, simama umsalimie na umpe shukrani. Usikate kona. Na ukikuta tope katikati ya njia, likanyage. Ukilikwepa utaua mimea ya ukingoni, ambayo huko juu hupata majuma machache tu ya kukua kila mwaka, na atakayekufuata atalikwepa mbali zaidi, hadi njia ya mtu mmoja igeuke uwanja. Viatu huoshwa jioni ile ile, lakini mteremko uliobomolewa huchukua miaka mingi kupona.