Shali Ipitayo Katika Pete

Yako mambo mawili ambayo wasifuo kazi za mikono huyasema upesi mno. La kwanza ni kwamba uzi uliosokotwa kwa mkono ni bora kwa kuwa umesokotwa kwa mkono. La pili ni kwamba uzi utokao kwa mnyama au mmea hauwezi kuidhuru ardhi. Hayo, msomaji, si hukumu. Ni mazoea ya ulimi. Kazi ya mkono, kama shairi, yataka isomwe kabla ya kusifiwa. Basi na tuisome moja, tupate kipimo cha kupimia nyingine.

Kazi yenyewe ni shali ya Shetland. Shetland ni visiwa vilivyo kaskazini ya Scotland, penye upepo mkali na miti haba. Kondoo wa huko ni wadogo na sufu yao ni laini; tena yapatikana nyeupe, ya kijivu, ya hudhurungi na nyeusi, hata nguo yaweza kupambwa bila tone la rangi ya dukani. Sufu ya shingoni ndiyo laini kupita zote. Zamani hiyo haikukatwa kwa mkasi. Ilinyonyolewa kwa vidole mwanzo wa kiangazi, ilipokuwa imekwisha kulegea yenyewe. Wanawake waliichambua, wakaisokota kwa gurudumu, wakaifuma kwa sindano ikawa shali pana ya kumfunika mtu mabega na mgongo, lakini nyepesi hata ikaweza kuvutwa yote ikapita katika pete ya ndoa. Shali za Shetland zilionyeshwa katika Maonyesho Makuu ya London mwaka wa 1851.

Mtazamaji wa haraka hushangilia pete, akaishia hapo. Nakusihi uipite pete uutazame uzi. Uzi uliosokotwa kidogo mno hukatika. Uliosokotwa kupita kiasi hujikunja kama nyoka. Ndipo msokotaji husokota nyuzi mbili upande mmoja, kisha huziunganisha kwa kuzisokota upande wa pili, ili nguvu ya kwanza itulizwe na ya pili. Uzi wa namna hiyo hutulia mkononi. Sasa zitazame tundu zinazofanya mapambo ya mawimbi na ya majani. Kila tundu huzaliwa kwa kuuzungusha uzi juu ya sindano, na hivyo kitanzi kimoja huongezeka. Mfumaji asipofuma vitanzi viwili kwa pamoja mahali pengine, shali itapanuka na kupinda. Kwa hiyo kila kinachoongezwa hulipiwa na kinachopunguzwa. Je, hiyo si kama mizani ya beti?

Hapa ndipo sifa ya mkono ilipo. Uzi wenye mafundo, mnene hapa na mwembamba pale, hutufaa katika blanketi zito, na huko waweza kupendeza. Katika shali hii ungeziziba tundu na kuyaua mawimbi. Anayeniambia kwamba mafundo ni alama ya uaminifu wa mkono, namjibu kwamba mkono mwaminifu ni ule uliojua kazi inataka nini, ukaitenda.

Na tuligeukie jambo la pili, yaani ardhi. Itazame sweta uliyovaa. Huenda ni ya akriliki, uzi utengenezwao kutokana na mafuta ya petroli, ambao kila ufuliwapo hutoa vinyuzi visivyooza, navyo hufuata maji. Haki yake tumpe: sweta hiyo ni ya bei nafuu, nayo imewakinga watoto wengi na baridi ya asubuhi. Lakini usidhani kwamba neno la asili likiandikwa juu ya uzi limekwisha kuusafisha. Iko sufu iliyotiwa klorini na kufunikwa kwa utando wa plastiki ili isirudi ikifuliwa. Uko uzi uitwao wa mwanzi, ambao aghalabu ni mwanzi ulioyeyushwa kwa dawa kali ukafanywa viskosi. Mwaka wa 2009 Tume ya Serikali ya Biashara ya Marekani iliyashtaki makampuni manne kwa kuuza viskosi kwa jina la mwanzi na kuisifu kuwa rafiki wa mazingira. Jina zuri si ushahidi. Uliza uzi umepitia mikono gani na maji gani.

Lakini liko swali la tatu ambalo wahakiki hulisahau: nani aliyelipwa? Wahenga walisema kizuri chajiuza. Ni kweli, ila methali haikutaja bei huingia mfuko wa nani. Mwaka wa 1872 uchunguzi wa serikali ya Uingereza ulionyesha kwamba wafumaji wa Shetland hawakulipwa fedha kwa kawaida. Walipewa chai na vitambaa, au hati za kuchukulia bidhaa katika duka la mfanyabiashara yule yule aliyezinunua shali zao. Mwanamke aliyefuma wingu aliweza kurudi nyumbani na chai asiyoihitaji, hana fedha ya kununulia unga.

Je, shali hiyo ni nzuri? Naam, ni nzuri. Uovu wa malipo haukuharibu kitanzi hata kimoja, wala uzuri wa vitanzi haukuusafisha uovu huo. Mhakiki aseme yote mawili kwa sauti moja. Akisema moja tu amepunguza ukweli.

Kipimo hiki hakikuumbwa kwa visiwa vya mbali peke yake. Wanawake wa Kikuyu na wa Kikamba wamesokota nyuzi za magome na za katani juu ya paja, wakasuka vyondo vinavyobeba mzigo miaka mingi. Ukikutana na kiondo, kivute mshono uone kama nyuzi zimelingana na mzigo wake. Uliza rangi yake imetoka katika mti au katika mkebe. Kisha, kabla hujakisifu, uliza msukaji alipata kiasi gani katika bei unayotajiwa. Na kama unataka kukinunua, usimpunguzie bei mpaka umejua kilimchukua siku ngapi.