Saa Iliyogonga Rumi

Fundi saa hodari hauamini uso wa saa. Jina lililoandikwa usoni huweza kupakwa upya, akrabu zikabadilishwa, mkanda ndio kabisa haushuhudii lolote. Akiletewa saa ya mkono ya zamani aitambue ni ya aina gani, hufungua mfuniko wa nyuma akasoma yaliyochongwa kwenye chuma. Katika Seiko za miaka ya 1960 na 1970, tarakimu nne za kwanza za nambari ya toleo hutaja mtambo, na zinazofuata hutaja kasha. Nambari ya mfululizo huanza kwa tarakimu ya mwisho ya mwaka, kisha mwezi. Katika saa za Uswisi, herufi T iliyo chini ya uso, kando ya jina la nchi, hutangaza kuwa mng'ao wake ni wa tritiamu, iliyoshika nafasi ya radiamu katika miaka ya 1960. Kijana wa Bunda aliyerithi saa yenye T, akaambiwa babu yake aliivaa katika Vita Kuu ya Pili, amerithi ama hadithi isiyo sahihi ama uso uliobadilishwa.

Kazi ya namna hiyo haina budi kufanywa na msomaji wa tafsiri pia, na mfano wake bora unatoka huko huko Mara. Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama wa mwaka 1922, aliyeanza masomo Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, aliifasiri tamthilia ya Shakespeare juu ya kuuawa kwa Kaisari. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1963. Toleo lililosahihishwa, *Juliasi Kaizari*, likatoka mwaka 1969, mwaka mmoja na *Mabepari wa Venisi*. Watu wa pwani, waliolelewa kwa vina na mizani, wamezoea kumpima Nyerere kwa kukosekana kwa vina. Mtihani mgumu zaidi umo kwenye saa.

Usiku wa njama, wala njama wamo nyumbani mwa Bruto, na saa inagonga. Mmoja anasema ihesabiwe, mwingine anajibu kwamba imegonga mara tatu. Kaisari aliuawa mwaka 44 kabla ya Kristo, na Rumi yake ilikuwa na saa za kivuli cha jua na saa za maji. Saa ya mtambo igongayo kengele haikujulikana Ulaya hata karne ya 13 na ya 14. Wahakiki wengi wamelicheka kosa hilo, na wapo waonao kwamba mfasiri mwangalifu angelisahihisha kimyakimya, pengine kwa kumleta mlinzi apigaye mbiu.

Rai hiyo haifai. Saa hiyo ndiyo chapa iliyo ndani ya kasha. Lau tamthilia ingeokotwa bila jina la mtunzi wala mwaka, mgongo huo wa saa peke yake ungetosha kuonyesha kwamba haikuandikwa Rumi, bali na mtu wa mji wenye saa za minara; na kwa hakika iliandikwa London karibu na mwaka 1599. Mfasiri anayeiondoa ni kama fundi anayeling'arisha kasha hadi nambari ikafutika. Saa inang'aa, lakini umri wake haujulikani tena.

Kinachopaswa kubadilika ni hesabu. Mvuvi wa Musoma anayetazama akrabu fupi ikiwa juu ya 3 kabla ya alfajiri husema ni saa tisa, wala haoni ajabu. Kila avaaye saa katika nchi hizi hufasiri mara kadhaa kwa siku bila kulipwa. Basi saa ya Bruto ikifasiriwa kwa tarakimu tupu, wala njama watakuwa wamekutana saa tatu usiku, ilhali punde tu kabla ya hapo walikuwa wakibishana upande gani kunapambazuka. Hali kadhalika kwa Porshia, mke wa Bruto, anayeuliza wakati akingojea habari za mumewe. Mtabiri anamjibu kwa kutaja saa ya tisa. Kwa Shakespeare hiyo ni asubuhi, yaani saa tatu ya Waswahili. Akiambiwa saa tisa, mama huyo anasukumwa hadi alasiri, na mumewe amekwisha kumchoma Kaisari zamani.

Ajabu ni kwamba Warumi wenyewe waliihesabu siku kama Waswahili, kuanzia macheo. Saa yao ya tatu ilikuwa saa tatu yetu, na ya tisa ilikuwa alasiri. Mfasiri anayeandika saa tatu kwa Porshia ameondoka kwenye tarakimu ya Shakespeare, akafika kwenye hesabu ambayo Porshia wa kweli angeielewa bila kufasiriwa. Kwa hiyo mstari mmoja unabeba kengele ya London na macheo ya Rumi, na lugha iliyoviweka pamoja ni Kiswahili.

Atakayetaka kulinganisha saa hizo katika tafsiri ya Nyerere na aanze kwa kutazama mwaka wa nakala aliyonayo. Mhakiki anayenukuu mstari bila kusema ni wa 1963 au wa 1969 amesoma uso wa saa tu, mfuniko hajaufungua.