Anayefuata Ndiye Anayeongoza

Kanuni ya zamani ya dansi ya kushikana inasema mwanamume huongoza na mwanamke hufuata. Sasa chukua mwanamke bingwa, umpe mwanamume ambaye wiki tatu zilizopita hakujua aanze na mguu upi. Wavalishe, wawashie taa, waweke mbele ya majaji wanne na mamilioni ya watu walioketi sebuleni. Mwanamke anakwenda kinyumenyume, haoni aendako, anatabasamu, na kumbe ndiye anayeendesha kila kitu kutoka upande usiotakiwa kuonekana ukiendesha. Hiyo ndiyo kazi ya mcheza dansi wa televisheni. Ipimwe hiyo kwanza, kabla ya kikombe, gauni au mruko wa hewani.

Anayetaka kujifunza kuipima afuatilie miaka saba ya Oti Mabuse. Alizaliwa Pretoria mwaka 1990, akasomea uhandisi wa ujenzi, akawa bingwa wa dansi za Kilatini wa Afrika Kusini mara nane, kisha akahamia Ujerumani kuendelea kushindana. Mwaka 2015, akiwa na miaka 25, aliingia Strictly Come Dancing, kipindi cha BBC kilichoanza Mei 2004. Hadi anaondoka mapema mwaka 2022 alikuwa amecheza na wanaume saba: bondia Anthony Ogogo, mwigizaji Danny Mac, mkimbiaji Jonnie Peacock, mcheza kriketi Graeme Swann, mwigizaji Kelvin Fletcher, mchekeshaji Bill Bailey na mcheza raga Ugo Monye. Hakuwachagua. Waandaaji ndio hupanga nani acheze na nani, kama mteja anavyoingia kwa fundi cherehani na mabega aliyozaliwa nayo. Fundi hawezi kumwambia akalete mabega mengine.

Kumtazama kunaanzia chini. Kamera za televisheni hupenda nyuso, hivyo mtazamaji asubiri picha ya mbali ionyeshe miili mizima, kisha ashushe macho. Katika wolzi na foksitroti, hatua ya kwenda mbele hutangulizwa kisigino, kisha uzito unapita katika wayo mpaka vidoleni. Mwanafunzi mpya hukanyaga kwa wayo wote, kama mtu anayevuka chumba gizani. Wiki ya kwanza hilo halina lawama. Lakini mwalimu ambaye mwanafunzi wake bado anakanyaga hivyo wiki ya saba, basi muda wa mazoezi ameutumia kwenye mapambo. Wolzi hupigwa kwa vipimo 28 hadi 30 kwa dakika, kila kipimo mapigo matatu, na mwili unatakiwa kupanda na kushuka ndani ya mapigo hayo bila kushtuka, kama dau linavyobebwa na wimbi. Wolzi ya Vienna inakwenda karibu mara mbili ya kasi hiyo, vipimo 58 hadi 60. Hapo udanganyifu hukosa pa kujificha. Angalia kama wawili hao wanazunguka pande zote mbili. Kuzungukia kulia ni rahisi zaidi. Kuzungukia kushoto kunataka mafunzo. Ngoma nzima ikizunguka upande mmoja tu, mwalimu ameamua kuuficha upande wa pili.

Kutoka miguuni macho yapande mgongoni. Mshikano wa dansi hauko kwenye viganja kama wengi wanavyodhani. Uko kwenye mbavu, mgongo na mikono ya juu, sehemu ambazo mwili mmoja huuambia mwingine uende wapi. Mkono wa kushoto wa mwanamke hukaa juu ya mkono wa kulia wa mwenzake, karibu na bega. Mtaalamu akiwa na mwanafunzi mzito, hapo ndipo panapomsaliti: vidole vinabana, kiwiko kinavuta, bega linapanda kuelekea sikioni. Mabuse alikuwa hodari wa kuficha msukumo huo. Ilipobidi amgeuze mwenzake, alitanguliza mwili wake mahali mwanamume alipotakiwa kufika, naye akajikuta amefika. Midomo nayo itazamwe. Kumhesabia mwenzako mapigo wiki ya kwanza ni ubinadamu. Kumhesabia katika nusu fainali ni dalili kwamba muziki haujamwingia.

Rumba inahitaji tahadhari ya pekee kwa msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Lubumbashi. Neno ni moja, ngoma ni nyingine. Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliitambua Desemba 2021 kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, ilikua kutokana na muziki wa Kiafrika na santuri za Kuba zilizovuka bahari kurudi huku tangu miaka ya 1930. Rumba ya mashindano ilipita njia tofauti: walimu wawili wa London, Monsieur Pierre na Doris Lavelle, walikwenda Kuba mwaka 1947 na kurudi na hatua ambazo hatimaye zikawa kanuni za Ulaya. Ndiyo maana aliyezoea kusogea na muziki wa Franco wa Kongo au wa bendi za dansi za Tanzania huiona ile ya televisheni kama imegandishwa. Ukali wake uko kwenye pigo la kwanza, ambalo halina hatua. Mchezaji anakanyaga la pili, la tatu na la nne; la kwanza linaachiwa nyonga itulie juu ya mguu ulionyooka. Nyonga haisukumwi, huletwa na goti linalokunjwa na kunyooka. Anayekatika kiuno kabla mguu haujafika anaigiza rumba tu, hata ukumbi ukipiga vigelegele.

Baada ya mwili yanakuja maamuzi, na hapa ndipo penye ladha kubwa kuliko yote. Kwa takriban dakika moja na nusu ya ngoma, mtaalamu ndiye anayetunga hatua, kwa hiyo kila anachokiweka na kila anachokiacha ni hukumu yake juu ya mwenzake. Jonnie Peacock, bingwa wa mita 100 wa Paralimpiki mwaka 2012 na 2016, alipoteza mguu wa kulia chini ya goti akiwa na miaka mitano. Mwaka 2017 alikuwa mshiriki wa kwanza wa Strictly mwenye mguu uliokatwa. Mguu bandia hauna kifundo kinachojikunja kama cha mwili, na bila kifundo hicho ule mpito wa kisigino hadi vidole aliofundishwa Mabuse maisha yake yote haupo. Ilimlazimu aulize upya kila hatua: uzito utue wapi, geuzo lianzie mguu gani, goti libebe nini kwa niaba ya kifundo. Maswali hayo hayamo katika vitabu vya mitihani ya dansi, na aliyewahi kusomea namna mizigo inavyopita katika nguzo na mihimili bila shaka hakuyaona mageni.

Bill Bailey alimpa fumbo jingine. Mwaka 2020, msimu uliofupishwa na Uviko-19, Mabuse alipewa mchekeshaji wa miaka 55. Mwalimu mwoga angemfanya kinyago: amsimamishe katikati, amzungukie yeye, akusanye kicheko. Mabuse alimfundisha. Ucheshi ulikuwepo, hasa walipoucheza wimbo Rapper's Delight, lakini chini yake miguu ilikuwa ikifanya kazi kwa wakati wake. Bailey akawa mshindi mwenye umri mkubwa kuliko wote waliotangulia, na kwa kuwa mwaka uliotangulia Mabuse alishinda na Fletcher, akawa mtaalamu wa kwanza wa kipindi hicho kushinda misimu miwili mfululizo. Fletcher mwenyewe aliingia dakika za mwisho, baada ya Jamie Laing kuumia mguu, na samba yao ya wiki ya kwanza ilikuwa tayari ina mdundo wa magoti. Fletcher alikuja na kipaji mkononi. Kwa anayepima ualimu, kikombe cha Bailey ni kizito zaidi.

Len Goodman, jaji mkuu mpaka mwaka 2016, alijulikana kwa kuchukizwa na wachezaji wanaotumia muda mwingi wakiwa wameachana. Wengine walimwona mzee wa mambo ya kale. Alikuwa na haki. Mtu akizunguka peke yake kwa sekunde ishirini mwanzoni mwa foksitroti, muda huo hakuna mwili unaozungumza na mwili mwingine, na mazungumzo hayo ndiyo dansi yenyewe. Msimu wa 2021 ulilionyesha hilo kwa namna mbili. Rose Ayling-Ellis, mshiriki wa kwanza kiziwi, na Giovanni Pernice waliendelea kucheza muziki ulipozimwa kabisa kwa sekunde kadhaa, na hawakupotezana. John Whaite na Johannes Radebe, aliyekulia Zamdela, Afrika Kusini, walikuwa jozi ya kwanza ya wanaume wawili, na walibadilishana kuongoza ndani ya ngoma ileile hadi wakafika fainali. Anayetaka kuzoeza jicho lake arudie ngoma zao mara mbili, mara ya pili sauti ikiwa imezimwa, atafute tu nani anaongoza sasa na kijiti kinapokezwa wapi.

Ukumbi wa Blackpool Tower, ambao kipindi huuhamia kwa wiki moja katika misimu mingi, una sakafu ya vipande 30,602 vya mbao na eneo linalozidi la studio. Jozi zenye hatua fupi huonekana zimepwaya pale. Mtaalamu mzuri huanza kumrefushia mwenzake hatua wiki kadhaa kabla ya safari.

Mizani ya mwisho hupuuzwa na wengi kwa sababu haina pointi: ngoma za kundi, wataalamu wakicheza wenyewe kwa wenyewe. Huko hakuna wa kubebwa. Mtaalamu kijana huonyesha kasi yake kamili, urefu halisi wa hatua zake na usafi wa miguu wakati hakuna anayemsubiri. Mtazame huko, kisha rudi kwenye ngoma yake na mwanafunzi, upime amepunguza kiasi gani. Kwa Mabuse, linganisha na samba aliyocheza na Danny Mac mwaka 2016, wakiuzunguka ukumbi mzima, magoti na vifundo vikidunda pamoja. Majaji waliipa 40, alama ambayo samba haikuwa imewahi kuipata katika kipindi hicho. Ukitafuta mahali alipompunguzia mwigizaji yule mwendo, utatafuta sana.